Somo: Kupanda barabara ya 292 hadi Shibu Toge na kuikuta bahari ya mawingu

Mwenye siku mbili na gari mkononi Japani, namshauri aache kwanza msongamano wa Fuji, apande barabara ya kitaifa namba 292. Ni ile inayotoka Kusatsu, mji wa chemchemi za maji moto mkoani Gunma, ikavuka mgongo wa milima na kuteremkia Shiga Kogen, mkoani Nagano. Mahali inapovuka panaitwa Shibu Toge. Mwendo mfupi kutoka hapo, upande wa Gunma, limesimamishwa jiwe lenye maandishi ya kimo: mita 2,172. Hakuna barabara ya kitaifa Japani inayopanda kupita hapo. Inayofuata ni ya 299 pale Mugikusa Toge, mita 2,127.

Kuna barabara nyingine za juu zaidi, ila si za kitaifa. Ile ya Norikura inafika mita 2,702 pale Tatamidaira, lakini tangu 2003 magari binafsi hayaruhusiwi. Unapanda kwa basi au teksi. Hii ya 292 unaendesha mwenyewe, unasimama unapotaka (isipokuwa sehemu moja nitakayoisema), na tangu 1992 hulipii chochote.

Kwa mtu wa Limuru au Nyahururu, kimo hicho ni cha nyumbani. Tofauti ni kwamba hapa tuko mbali na ikweta, na pepo za baridi zinazovuka Bahari ya Japani hubeba unyevu na kuutua milimani kama theluji, miezi na miezi. Ndiyo maana juu hakuna mashamba wala vijiji. Kuna mianzi mifupi, misonobari iliyopindwa na upepo, halafu anga.

Somo lote lina neno moja kubwa: pandia upande wa Nagano, na uwe juu kabla jua halijachomoza. Hatua zifuatazo zote zinalitumikia hilo.

HATUA YA 1: Chagua msimu, na ujue geti liko wazi

Barabara hii hufungwa kuanzia katikati ya Novemba mpaka mwishoni mwa Aprili. Si suala la kuwa na gari zuri au tairi za theluji. Geti linashushwa na hakuna anayepita.

Ikifunguliwa mwishoni mwa Aprili, unapita kati ya kuta za theluji. Mashine zimeikata wima pande zote mbili, na wiki za mwanzo ukuta hulipita gari kwa urefu. Ukisogea karibu unaona mistari ndani yake, mweupe, kijivu, mweupe tena, kila mstari ukiwa ni dhoruba moja ya majira ya baridi iliyolaliwa na nyingine. Kufika mwisho wa Mei nyingi huwa zimeyeyuka. Tahadhari: siku hizo za mwanzo barabara huweza kufungwa usiku kwa sababu ya barafu, hivyo mpango wa alfajiri usiufanye kabla hujaangalia saa za kufunguliwa.

Kiangazi, Julai na Agosti, ni cha kukimbia joto. Jiji la Nagano liko kwenye mita 370 hivi. Ukipanda mita 1,800 juu yake unapoteza kama digrii 11. Bondeni watu wanatokwa jasho kwa digrii 33, wewe juu unatafuta sweta.

Mimi ukiniuliza, nitakwambia mwisho wa Septemba mpaka katikati ya Oktoba. Rangi za majani huanzia kileleni na kushuka kila wiki, kwa hiyo hata ukikosea tarehe kidogo utazikuta mahali fulani njiani. Juu, mti uitwao nanakamado huwa mwekundu kabisa, na chini yake mibechi inakuwa ya dhahabu. Tena hewa ya miezi hiyo ni kavu na safi, unaona mbali.

Kabla ya kuondoka, angalia tovuti za ofisi za barabara za mikoa yote miwili, Nagano na Gunma. Ukiona maandishi 通行止 mekundu kwenye ramani au ubaoni, hiyo sehemu haipitiki. Yajue kwa sura, hata kama husomi Kijapani.

HATUA YA 2: Gari na karatasi

Leseni nitaieleza kwenye maswali, maana ndiyo iliyoulizwa zaidi. Kuhusu gari lenyewe, wengi wetu tuko nyumbani: wanaendesha kushoto, usukani kulia, na gari utakalopewa huenda ni ndugu wa lile uliloliacha Kinondoni au Eastleigh. Gari dogo la injini ya cc 660 linapanda, lakini kwa shida. Mkiwa wanne na mabegi, chukueni lenye nguvu kidogo.

Jaza mafuta chini, Nakano au Yamanouchi, usitegemee kupata juu. Kwenye vituo vya kujihudumia bomba jekundu ndilo petroli ya kawaida, la njano ni petroli ya daraja la juu, la kijani ni dizeli. Kijani hapa kimewachanganya wageni wengi waliodhani ni petroli, na bili ya gereji baada ya hapo si ndogo.

HATUA YA 3: Lala karibu

Kutoka Tokyo unachukua barabara ya kulipia ya Kan-Etsu, unahamia Joshin-Etsu, unatokea Shinshu-Nakano. Hesabu saa tatu na zaidi, kisha zaidi ya saa moja ya kupanda. Ukitaka kuona macheo kwa kutokea Tokyo itabidi uendeshe usiku kucha, na mtu aliyekesha hafai kuwekwa kwenye kona za mlima. Kwa hiyo lala. Kumanoyu ndani ya Shiga Kogen iko karibu sana; alfajiri hata nusu saa haifiki umeshakuwa juu. Pale Shibu Toge penyewe pana hoteli iliyojengwa juu ya mpaka wa mikoa, nusu iko Nagano na nusu Gunma, nao hutoa cheti cha kuthibitisha kwamba umefika kilele cha barabara za kitaifa. Wanaopenda mji wa zamani wenye vichochoro na mabafu ya maji moto walale Shibu Onsen au Yudanaka chini, ila wakubali kuamka mapema zaidi.

HATUA YA 4: Alfajiri

Mwezi wa sita jua huchomoza saa kumi na nusu alfajiri. Mwisho wa Septemba ni karibu saa kumi na mbili kasorobo. Uwe umeegesha nusu saa kabla, kwa sababu rangi nzuri zaidi hutangulia jua, na eneo la kuegesha pale kwenye jiwe ni dogo. Wapiga picha na stendi zao za miguu mitatu hufika mapema kuliko unavyofikiri.

Sasa, kwa nini alfajiri? Usiku wa anga wazi usio na upepo, ardhi hupoa haraka, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kujaa mabondeni. Unyevu ulio ndani yake unakuwa ukungu. Juu yake hewa ina joto kidogo zaidi, hivyo ukungu hauwezi kupanda. Unafunikwa kama chungu. Wewe uko kwenye mita 2,172, ukungu umekaa chini yako, na vilele vinatokeza kama visiwa. Jua likishika, saa mbili au saa tatu asubuhi, ukungu unaanza kuchanika na kupanda na miteremko. Mchana mara nyingi umeshafika barabarani, na anayewasili saa sita kwa raha zake anakuta ukuta mweupe, hata jiwe halioni vizuri. Mahali ni palepale, siku ni ileile.

Ukiwa njiani gizani, punguza mwendo. Paa, mbweha na swala wa milimani wa Kijapani huvuka.

HATUA YA 5: Simama wapi

Kwanza kwenye jiwe. Uso wako uelekeze kusini-mashariki: chini yako moja kwa moja kuna Yoshigadaira, bwawa la nyasi lenye vidimbwi vidogo vidogo, ardhi oevu iliyoingizwa mwaka 2015 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya ardhi oevu muhimu duniani. Mawingu yakiwa hayajaifikia, vile vidimbwi huakisi anga ya pinki kimoja baada ya kingine jua linavyopanda. Kulia ni mlima Shirane, mtupu na wa rangi ya majivu kwa sababu ya gesi za volkano. Mbali zaidi, siku safi, unaona Asama, mita 2,568, na mara nyingine moshi wake.

Kisha rudi upande wa Nagano, usimame chini ya Yokoteyama. Huko unatazama upande wa pili kabisa: mlima Kasagatake karibu, wenye umbo la kofia ya kusukwa yenye ncha, na nyuma yake mstari wa Alpu za Kaskazini. Mwanga wa asubuhi unaupiga mstari huo usoni, kwa hiyo ndiyo saa yake nzuri. Katika msimu kuna ngazi ya umeme na kiti cha kamba vya kukupeleka kileleni, mita 2,307, ambako kibanda cha mlima huoka mikate yake hukohuko. Supu yao ya uyoga huja imefunikwa kwa mkate juu ya bakuli. Unautoboa kwa kijiko na mvuke unakupiga usoni. Baada ya kusimama kwenye baridi tangu usiku, mimi sijui kifungua kinywa cha kuishinda.

HATUA YA 6: Kushuka, na habari ya volkano

Gia ya kupandia ndiyo ya kushukia. Usishuke mteremko wote mguu ukiwa kwenye breki. Zitapata moto na kuanza kuteleza. Weka L au 2, kwenye magari ya mseto wa umeme weka B, uiache injini ishike gari. Ukisikia harufu ya kuungua, egesha mahali salama uzipumzishe.

Ukitaka kushukia Kusatsu, elewa kwamba unapita ubavuni mwa volkano hai, ule mlima Shirane. Tarehe 23 Januari 2018 upande wa Motoshirane ulilipuka ghafla jirani na uwanja wa kuteleza kwenye theluji. Askari mmoja wa Jeshi la Kujilinda aliyekuwa mazoezini alifariki, na watu wengine wakajeruhiwa. Idara ya Hali ya Hewa ya Japani hutangaza kiwango cha tahadhari kutoka 1 hadi 5, na kikipanda, kipande kati ya Kusatsu na njia panda ya Manza hufungwa au huruhusiwa kwa masharti. Jiwe la mita 2,172 liko nje ya kipande hicho. Ndiyo sababu nasema pandia Nagano: Kusatsu ikifungwa, wewe bado unafika.

Kipande hicho kikiwa wazi, heshimu alama za kutosimama, hasa Sesshogawara. Gesi ya salfidi hidrojeni inatoka ardhini, nayo ni nzito kuliko hewa, hujikusanya mabondeni. Funga vioo, zima feni inayovuta hewa ya nje, pita. Usisimame kupiga picha hata sekunde.

MASWALI YA WANACHAMA

Kaka wa Dar es Salaam: Nina leseni ya Tanzania na ile ya kimataifa. Nitakodisha gari bila shida?

Hapana, kaka, na ni bora ulijue kabla ya kulipia. Japani inatambua leseni ya kimataifa iliyotolewa kwa Mkataba wa Geneva wa 1949 pekee. Tanzania na Kenya hazimo kwenye mkataba huo. Uganda, Rwanda na Kongo ya Kinshasa zimo, kwa hiyo ndugu wa Kampala, Kigali na Goma waombe kitabu chenye mwaka 1949 juu yake na wabebe na leseni ya nyumbani. Mnaoishi Marekani, Kanada au Uingereza na mna leseni za huko, ombeni huko huko. Mtanzania au Mkenya anayeishi Japani anabadilisha leseni yake kwenye kituo cha leseni cha mkoa, kuna mtihani wa kuandika na wa kuendesha. Kama wewe ni mgeni wa matembezi, tafuta mwenzako mwenye leseni inayokubalika au panda basi. Ukiendesha bila leseni halali, bima haikulindi, na hilo ni kosa la jinai.

Dada wa Saitama: Mimi siendeshi. Kuna namna?

Ipo, dada. Treni ya mwendokasi ya Hokuriku kutoka Tokyo inakufikisha Nagano kwa saa moja na nusu hivi. Kutoka kituoni kuna mabasi ya Nagaden mpaka Shiga Kogen. Kipande cha kufika Shibu Toge kina mabasi ya msimu na ni machache, kwa hiyo pata ratiba ya mwaka huu kabla hujalipia chumba. Basi halitakuwahisha macheo. Lala hoteli ya pale juu kabisa au Kumanoyu na uwaulize kama wanapeleka wageni alfajiri. Baadhi ya hoteli za milimani hufanya hivyo.

Mwanachama wa Nagoya: Nitajuaje jioni kwamba kesho mawingu yatakaa chini?

Angalia mambo manne: mvua imenyesha jana au leo mchana, usiku anga litakuwa wazi, upepo ni mdogo, na tofauti ya joto la mchana na la usiku ni kubwa. Yote yakiwepo, weka kengele ya saa. Upepo ukiwa mkali, ukungu hautulii. Lala zako, uende baadaye kutazama milima tu. Septemba na Oktoba ndiyo miezi yake.

Mama wa Mombasa: Mwanangu ananipeleka mwezi wa tano. Chakula cha halali na swala itakuwaje?

Shikamoo mama. Chakula mbebe kutoka chini. Ile supu na mikate niliyoisifu waulizeni kwanza, maana mchuzi unaweza kuwa na nyama, na mikate mingine hutiwa mafuta ya mnyama. Mayai ya kuchemsha, ndizi na chupa ya chai ya tangawizi vitawatosha. Mahali maalumu pa kuswalia hakuna; beba mkeka na chupa ya maji ya udhu, yaweke ndani ya gari yasiwe barafu. Kibla kutoka huku ni magharibi, ukipinda kidogo kuelekea kaskazini. Na mama, vaa kama unakwenda kwenye jokofu: soksi mbili, glavu, kofia ya sufu. Mwezi wa tano alfajiri juu ni karibu na sifuri.

Kaka wa Gunma: Mimi nilipandia Kusatsu, safari ikaenda vizuri kabisa. Kwa nini unaipinga?

Siipingi, kaka, hasa kwako uliye jirani unayeweza kurudi wiki ijayo. Mgeni mwenye nafasi moja tu ndiye ninayemwonea huruma akikuta geti. Tena kwa siku ya pili, kama kila kitu kiko wazi, kushukia Kusatsu ni kuzuri. Kipande cha Kusatsu kikiwa kimefungwa, njia panda ya Manza inakupeleka kwenye mji wa Manza, na kutoka hapo kuna barabara ya kulipia ya kushukia Tsumagoi. Ukioga Kusatsu vua pete na cheni za fedha. Maji yale ni asidi kali yenye salfa, fedha inakuwa nyeusi.

Mwanachama wa Muscat: Nimeona picha za ziwa la kijani ndani ya volkano. Liko hapo?

Ni Yugama, ziwa la kreta upande wa Kusatsu, maji yake yana asidi ya karibu pH 1. Njia ya miguu ya kulifikia imefungwa kwa muda mrefu tangu volkano ilipoanza kuchachamaa. Usijenge safari juu yake. Ukisikia imefunguliwa siku yako, ihesabu kama nyongeza.

Dada wa Minneapolis: Tuna watoto wawili wadogo na babu yao wa miaka 70. Watahimili?

Kimo hicho watu wengi hawakisikii, ila babu mwenye moyo au mapafu mabovu amuulize daktari wake kwanza. Watoto masikio yataziba. Wape peremende au maji wameze wakati wa kupanda na kushuka. Kona ni nyingi, kwa hiyo wasile vizito kabla. Jiwe liko kando ya barabara, babu hana pa kupanda kwa miguu. Mkimaliza, washusheni watoto mpaka Yamanouchi wakawaone nyani wa theluji pale Jigokudani. Kutoka Kanbayashi ni kilomita 1.6 kwa miguu, njia ya msituni isiyo na milima mikubwa, lakini kigari cha mtoto hakifai, mbebe mgongoni. Na waambieni watoto mapema kwamba nyani hao hawalishwi wala kuguswa.